Kijana Wao, Binti Yao: Kimiliki cha Kiswahili Kinamtazama Nani?

Msimu wa harusi ukiwadia, maduka ya steshenari ya Mwananyamala, Dar es Salaam, kuanzia kwa Kopa hadi Komakoma, hujaa wanakamati wanaosahihisha kadi kabla hazijachapwa. Jina la bibi harusi limerukwa herufi. Ukumbi umebadilishwa. Namba ya kutuma mchango haisomeki. Katikati ya hayo hutokea mwenye jicho kali akauliza jambo lisilohusu pesa wala ukumbi: mbona kadi ya upande wa bwana harusi inasema "kijana wao mpendwa", na ya upande wa bibi harusi inasema "binti yao mpendwa"? Kwa nini huku *wao* na kule *yao*?

Jibu la papo kwa papo linajulikana: *wao* ni ya mwanamume, *yao* ni ya mwanamke. Linavutia, kwa sababu lugha nyingi za dunia huingiza jinsia kwenye kimiliki, na anayejua Kiarabu au Kiingereza hulikubali bila kubisha. Lakini haliishi hata dakika moja. Bwana harusi mwenyewe husema "mke wangu", na mke ni mwanamke. Bibi harusi husema "baba yangu" na "kaka yangu", na hao ni wanaume. Jinsia haina kazi hapa.

Basi kama si jinsia, ni nini? Swali hilo huulizwa na wanafunzi wa sekondari, na wageni wanaojifunza Kiswahili, na wahariri wa magazeti usiku wa manane. Siku hizi linawasumbua pia watu wanaounda programu za kompyuta za kuchunguza na kutafsiri lugha, na wao ndio waliolifanya lionekane gumu kuliko tulivyodhani.

Neno moja, watu wawili

Kimiliki ni neno linaloonyesha kitu ni cha nani, au mtu ana uhusiano na nani: *-angu, -ako, -ake, -etu, -enu, -ao*. Kila kimiliki kina vipande viwili. Shina humtaja mwenyewe, na kiambishi cha mbele hukitaja kile kinachomilikiwa. Katika *kiti chake*, *-ake* ni mwenye kiti na *ch-* ni kiti chenyewe. Badilisha kiti kiwe gari, utapata *gari lake*. Kiwe ufunguo, *ufunguo wake*. Pawe mahali, *mahali pake*. Mwenyewe hajabadilika hata kidogo, na hatujui kama ni Asha au Juma.

Kiambishi hicho cha mbele hutokana na ngeli, yaani kundi la nomino zinazovuta upatanisho wa aina moja. Wanaisimu huzihesabu ngeli zetu kuwa jambo la aina moja na kile ambacho katika Kifaransa au Kiarabu huitwa jinsia ya kisarufi: nomino zimegawanywa katika makundi, na kundi hujulikana kwa namna maneno mengine yanavyolifuata. Tofauti ni kwamba wenzetu hao wana makundi mawili, na mgawanyo wao umeshikana na uume na uke. Sisi tuna zaidi ya kumi, na hakuna hata moja la wanaume wala la wanawake.

Kwenye kimiliki, lugha nyingine zimepita njia tofauti. Kiingereza humtazama mwenyewe tu: *his* mwanamume, *her* mwanamke, na kitu kinachomilikiwa hakijali. Kiarabu nacho humtazama mwenyewe: *kitabuhu* ni kitabu cha mwanamume, *kitabuha* ni cha mwanamke. Waislamu wa Dar es Salaam huisikia tofauti hiyo kila darasa la dini, anapotajwa sahaba mwanamume kwa *anhu* na mwanamke kwa *anha*. Sheikh akishageuza maneno hayo kwa Kiswahili, wote wawili hupata *naye* au *yake* ileile. Kifaransa hukitazama kitu, kama sisi: baba ni *son père* na mama ni *sa mère*, awe anayezungumziwa ni mtoto wa kiume au wa kike. Kijerumani hutazama pande zote mbili kwa wakati mmoja, na wanafunzi wake wanastahili pole.

Kiswahili kimechukua maelfu ya maneno kutoka Kiarabu, lakini hii *-hu* na *-ha* hakikuichukua. Tarehe 19 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania, vyumba vya habari vya Kiingereza vililazimika kuanza kuandika *her government* palipokuwa *his*. Magazeti ya Kiswahili hayakubadilisha herufi. "Rais na serikali yake", "Rais na Baraza lake la Mawaziri": maneno ya juzi yalifaa leo.

Shangazi, jirani na adui

Sasa turudi kwenye *kijana wao* na *binti yao*. Kijana, ijapokuwa ana *ki-* ya kiti, ni kiumbe hai, kwa hiyo huvuta upatanisho wa watu: kijana *huyu a*mefika, kijana *wao*. Binti naye ni kiumbe hai: binti *huyu a*mefika. Lakini kwenye kimiliki anaponyoka na kusema *yao*.

Hayuko peke yake. Wanaofuata mkondo wake ni hawa:

- baba yangu, mama yangu, kaka yangu, dada yangu
- babu, bibi, shangazi, shemeji, wifi, ndugu: wote *yangu*, na wakiwa wengi *zangu*
- rafiki yangu, shoga yangu, jirani yangu
- adui yangu

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni haya. Maneno ya aina ya *baba* na *ndugu* yapo katika ngeli ya nyumba na nguo, ile inayoitwa ngeli ya N au I-ZI. Nyumba *yangu*, nyumba *zangu*. Kwa kuwa yanataja watu, kitenzi, kivumishi na kioneshi vilihamia upande wa watu, ila kimiliki kikabaki nyuma. Ndiyo maana sentensi moja ya kawaida kabisa hubeba upatanisho wa aina mbili bila mtu kushtuka: "Ndugu *z*angu hawa wawili wamefika." *Zangu* ni ya ngeli ya nyumba, *hawa*, *wawili* na *wamefika* ni za ngeli ya watu.

Shuleni jambo hili hupotea njiani. Wazazi waliosoma zamani walifundishwa ngeli kwa kutazama nomino yenyewe: M-WA, KI-VI, N. Watoto wao hufundishwa kwa kutazama kitenzi: A-WA, LI-YA, I-ZI. Kamusi ya Kiswahili Sanifu nayo huweka alama ya kitenzi, [a-/wa-], mbele ya *rafiki* na *daktari* vilevile. Anayeifungua kutafuta kama aseme *rafiki wangu* au *rafiki yangu* hatoki na jibu, kwa sababu alama ile haikuwekwa kwa ajili ya kimiliki.

Na maelezo yale ya kimiliki kilichobaki nyuma nayo yana tobo. Yangekuwa kamili kama *yangu* na *zangu* zingeshikamana na maneno ya ngeli ya N peke yake. Lakini sikiliza matangazo ya vifo redioni, yale yanayotaja jamaa wote wa marehemu mmoja baada ya mwingine. Mke ni wa M-WA bila shaka yoyote: *mke wangu*. Wingi wake? *Wake zake*. Mume ni *mume wangu*, lakini *waume zao*. *Wakwe zake*. *Wajomba zake*. Marafiki wana *ma-* ya magari, nao husema *zake*: *marafiki zake*. Hakuna hata mmoja kati ya hawa mwenye sababu ya kisarufi ya kuwa na *z-*. (Mtu anaweza kudhani *wake zake* ni hila ya kukwepa *wake wake*, ambayo ingechekesha. Ila *waume wao* haichekeshi, na bado watu husema *waume zao*.)

Upande wa pili wapo watu ambao kwa umbo lao wangeweza kukubali *yangu*, na hawaikubali. *Daktari wangu. Dereva wangu. Bosi wangu. Kocha wetu.* Maneno haya yameingia kutoka nje, hayana *m-* wala *wa-*, lakini kimiliki chake ni cha watu.

Ukiyaweka makundi haya mawili ubavu kwa ubavu, kinachoonekana ni uhusiano. Shangazi huwezi kuwa peke yako. Lazima uwe shangazi wa mtu. Rafiki hivyohivyo, jirani hivyohivyo, na hata adui. Daktari ni daktari hata kabla mgonjwa hajaingia mlangoni. *Y-* na *z-*, ambazo huenda zilianza kama mabaki, zimepata kazi mpya: kuonyesha kwamba mtu huyu anatajwa kwa sababu ya kamba inayomfunga na mwingine, hasa wanapokuwa wengi. Hiyo ni hoja, na ina mianya yake. *Mjomba wangu* katika umoja hushika *w-* bila kutetereka, *watoto* hawasemi *zangu*, na *mpenzi* hana habari na jambo hili.

*-a* unganifu (*wa, ya, cha*) nayo hucheza mchezo wake, hata kwa nomino ileile. Mwalimu Nyerere ni Baba *wa* Taifa, na sala ya Kikristo ni Baba *Yetu*.

> Kwa ufupi: Shina la kimiliki humtaja mwenyewe bila kusema ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi hufuata ngeli ya kinachomilikiwa. Kwa watu, jamaa na wenza wengi huchukua *y-/z-*, wengine huchukua *w-*.

Rafiki wangu au rafiki yangu? Hesabu kwanza

Panda daladala ya Makumbusho utasikia zote mbili. Mwalimu atasema moja ni kosa. Mtafiti wa lugha atauliza kwanza: nani husema ipi, wapi, na mara ngapi? Hapo ndipo kompyuta inapoingia.

Chombo cha msingi ni kopasi, ambayo vitabu vingine huiita kongoo: mkusanyo mkubwa wa matini halisi, uliowekwa katika kompyuta ili maneno yake yaweze kutafutwa na kuhesabiwa. Kopasi ya Kiswahili iliyojulikana zaidi haikukusanywa Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wala Zanzibar. Inaitwa Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, na toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25, na habari za magazeti zimo kwa wingi. Hupatikana kupitia Kielipankki, yaani Benki ya Lugha ya Finland, kwa programu ya kutafutia iitwayo Korp, jina ambalo kwa Kiswidi ni ndege wa ukoo wa kunguru. Wakazi wa Dar, wanaowajua kunguru kwa kuokota kila kitu, wataona limefaa.

Nyuma ya kopasi hiyo kuna kazi ya Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza katika miaka ya 1980 kuifundisha kompyuta sarufi ya Kiswahili. Mfumo wake unaitwa SALAMA, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya msimamizi wa lugha ya Kiswahili. Ulijengwa juu ya mbinu ya Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi, aliyoitoa mwaka 1983, ya kuvunja neno vipande na kukitambua kila kipande.

Kwa nini kuvunja? Kwa sababu kompyuta isiyojua Kiswahili huona *wangu, yangu, zangu, langu, changu, vyangu, pangu* na *kwangu* kuwa maneno manane yasiyojuana. Mashine ya kuchanganua maneno hutoa *-angu* mara nane na kubandika ngeli pembeni. Halafu kuna vifupisho vya jamaa: *mkewe, mumewe, nduguye, mwanangu, babaako*. Hapa nomino na kimiliki vimekuwa neno moja, na asiyevitenganisha atakosa nusu ya ukoo.

Kazi ngumu zaidi ni maneno yenye nyuso nyingi. *Wake* inaweza kuwa wingi wa mke, au kimiliki cha mtoto, cha watoto, cha mti, au cha ufunguo. *Yake* inaweza kufuata nyumba, magari au miti. *Chake* ni kimiliki, mpaka habari itoke Pemba na mji uwe Chake Chake. Mashine huorodhesha maana zote zinazowezekana, kisha hutazama majirani na kufuta zisizofaa: baada ya *mtoto*, *wake* ni kimiliki, kabla ya *zao*, ni wanawake walioolewa.

Kujaribu nyumbani

Hakuna haja ya kusubiri Helsinki. Mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kutumia AntConc, programu ya bure iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani. Hatua ni chache:

1. Kusanya matini unazoruhusiwa kutumia, uzihifadhi kama faili za maandishi matupu.
2. Zipange kwa asili yake: magazeti peke yake, hadithi peke yake, mazungumzo peke yake.
3. Tafuta *rafiki \*angu*. Nyota husimama badala ya herufi zozote, kwa hiyo utapata *yangu, wangu* na *zangu* kwa mkupuo.
4. Soma kila mstari. Programu hukupangia neno katikati na maneno yaliyolizunguka kushoto na kulia.
5. Rudia kwa *marafiki, jirani, majirani, adui, wajukuu*.

Hatua ya nne ndiyo huachwa na wengi, na ndiyo yenye faida. Namba peke yake haikuambii kwamba mzungumzaji alikuwa mtoto wa miaka sita, au kwamba mstari ule umenukuliwa mara kumi na magazeti kumi.

Kasoro kubwa ya kopasi za magazeti ni kwamba Kiswahili chake kimeshapita kwa mhariri. *Rafiki wangu* ya kijiweni Mwananyamala hukatwa kabla ya kufika kiwandani. Na Kiswahili hakiishii Dar. Jijini Nairobi *kitabu yangu* na *mtoto yangu* ni maneno ya kila siku, na katika Kiswahili cha Lubumbashi *yangu* imemeza karibu wenzake wote. Mashine iliyolelewa na magazeti ya Tanzania ikipewa mazungumzo ya huko itayaona makosa matupu, ilhali kinachofanyika ni utaratibu mwingine. Hata Dar, ubishi wa *gari langu* na *gari yangu* haujaisha, na wanaosema *gari yangu* si wageni tena.

"Yako" imetumwa

Wanaotengeneza programu za simu hukutana na kimiliki mapema kuliko watafiti. Kwa Kiingereza mtu huandika sentensi moja yenye nafasi wazi, "your ___ has been sent", na kompyuta hujaza chochote. Kwa Kiswahili nafasi hiyo wazi huangusha sentensi nzima: *kitabu chako kimetumwa, barua yako imetumwa, ombi lako limetumwa, mchango wako umetumwa*. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, jambo la aina hii halikukwepeka: programu ilitafsiriwa kutoka Kiingereza, ambacho *your* yake haibadiliki. Ujumbe mwingi wa simu unaosikika umepinda hadi leo umepinda hapohapo. Dawa inajulikana, nayo ni kuandika sentensi kamili kwa kila kitu au kuihifadhi ngeli ya kila neno pamoja na neno lenyewe. Ni gharama tu ambayo wengi hawataki kuilipa.

Mashine inayouliza jinsia

Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza shida hugeuka. Google Translate ilianza mwaka 2006, na Kiswahili kikaongezwa mwaka 2009. "Nesi amesahau simu yake" haisemi nesi ni nani, lakini Kiingereza hakitakubali kuendelea bila *his* au *her*, kwa hiyo mashine hubahatisha. Hubahatisha kwa kufuata matini ilizosomeshwa, na katika matini hizo manesi wengi ni wanawake na wahandisi wengi ni wanaume. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil walijaribu sentensi za majina ya kazi katika lugha kadhaa ambazo kiwakilishi chake hakitaji jinsia, Kiswahili kikiwemo, na wakaona tafsiri zikielemea mno upande wa wanaume, hasa kwenye kazi za sayansi na uhandisi. Desemba mwaka huohuo Google ilianza kuonyesha tafsiri mbili, ya kike na ya kiume, kwa baadhi ya sentensi za Kituruki.

Jambo ambalo mashine hizo huchelewa kulinasa ni kwamba Kiswahili hutoa fununu, ila huziweka nje ya kimiliki. *Mume wake* hutuambia mwenyewe ni mwanamke. *Mke wake*, ni mwanamume. Vitenzi vya ndoa ni wazi zaidi, kwa sababu katika matumizi yetu ya kawaida mwanamume huoa na mwanamke huolewa. "Daktari alichelewa kazini. Gari lake liliharibika Kinondoni. Wiki iliyopita ndiyo kwanza ameolewa." Msomaji wa Mwananyamala akifika *ameolewa* hurudi nyuma na kurekebisha picha ya mwenye gari. Mashine inayotafsiri sentensi moja moja imeshaandika *his* katika ile ya pili, na *she* inakuja katika ya tatu, daktari mmoja akiwa watu wawili.